Hukumu ya Kuharibu Mimba, na Dhima ya Mwanamume Ndani Yake

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa tone la maji. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na aali zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: masiala ya kuharibu mimba yamezusha maneno mengi katika Tanzania. Wako wasemao kwamba sheria ya serikali ni kali mno na yapasa ilegezwe. Na wako wasemao kwamba hata ilivyo haitoshi. Lakini maneno ya pande zote mbili humwelekea mwanamke, kana kwamba mimba huingia yenyewe. Makusudi ya somo hili ni mawili: kubainisha waliyosema wanavyuoni, na kubainisha dhima ya mwanamume, ambayo wengi hupenda kuinyamazia.

FASILI YA KWANZA: NJIA YA SINGIDA

Wapwani wameijua nchi ya Singida tangu zama za babu zao. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikata Mgunda Mkali, pori lile la kiu lililo upande wa Manyoni na Itigi. Misafara imekwisha, walakini njia ingaliko. Malori na mabasi yatokayo Dar es Salaam kwenda Mwanza hupita Manyoni na Singida mjini, na wafanya biashara huenda huko kutafuta alizeti, vitunguu na kuku.

Mwanamume akiwa safarini, mbali na mkewe na wazee wake, shetani humwambia kwamba hapana amjuaye. Hupanga chumba, huzoeana na binti wa watu, na biashara ikiisha hurejea pwani. Binti akipeleka habari kwamba ana mimba, mtu huyo hukana, au hutuma fedha kidogo pamoja na agizo la kuitoa. Kisha hudhani kwamba mikono yake ni safi kwa kuwa yu mbali. Fasili zifuatazo zitaonyesha kwamba sivyo.

FASILI YA PILI: WALIYOSEMA WANAVYUONI

Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kwa Ibn Masud, kwamba kiumbe hukusanywa tumboni mwa mamaye siku 40 hali ya kuwa tone, kisha huwa pande la damu kwa muda kama huo, kisha pande la nyama kwa muda kama huo, kisha hupuliziwa roho. Jumla yake ni siku 120.

Baada ya siku hizo wanavyuoni wameafikiana kwamba kuharibu mimba ni haramu. Kabla yake wamehitilafiana. Katika Mahanafi wako walioruhusu, na baadhi yao wakashurutisha udhuru. Wengi wa Wamaliki wamekataza tangu mbegu kutulia tumboni. Na katika Mashafii, ambao madhehebu yao ndiyo ya watu wa pwani, wako waliolegeza. Lakini Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), ameeleza katika Ihya kwamba ni jinai juu ya kitu kilichokwisha kuwapo, na kwamba jinai hiyo huzidi ukubwa kila mimba inapopanda daraja. Ibn Hajar al-Haytami naye, katika Tuhfa, ameelekea upande wa kukataza.

Mtu akiuliza: Je, ufukara ni udhuru? Atajibiwa kwamba Kurani, katika Suratul An'am na Suratul Israa, imekataza kuua watoto kwa kuogopa ufukara. Akiuliza: Je, ikiwa mimba ni ya zinaa? Atajibiwa kwa habari ya mwanamke wa Ghamid, aliyemjia Mtume na kuungama hali ana mimba. Mtume alimrudisha mpaka azae, na alipozaa alimrudisha mpaka amwachishe mtoto ziwa. Kosa lilikuwa la wazazi, mtoto hakuguswa.

FASILI YA TATU: UHAI WA MAMA, NA SHERIA YA SERIKALI

Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Azhar tangu mwaka 1958 hata 1963, alifutu kwamba ikithibitika kuwa mimba itamwua mama, mama huokolewa hata baada ya roho kupuliziwa. Kwani yeye ndiye shina, na haifai shina kukatwa kwa ajili ya tawi. Baraza la Fikihi la Rabita huko Makka, katika mwaka 1990, lilipita njia hiyo, likaruhusu pia kabla ya siku 120 ikiwa matabibu waaminifu wamethibitisha kwamba mtoto ana kilema kikubwa kisichotibika, na wazazi wameomba.

Kanuni ya Adhabu ya nchi, iliyowekwa mwaka 1945, inakaribia hapo. Kifungu cha 230 chamlinda tabibu apasuaye kwa nia njema ili kuhifadhi uhai wa mama. Nje ya hapo, kifungu cha 150 chamtia aharibuye mimba ya mwanamke katika kifungo cha miaka 14. Cha 151 chamtia mwanamke mwenyewe miaka 7. Na cha 152 chamtia miaka 3 mwenye kumpatia mtu dawa au chombo hali anajua makusudi yake. Basi na azingatie atumaye dawa kutoka mbali: sheria imemtaja.

Mwaka 2007 Tanzania iliridhia mkataba wa Maputo wa 2003, unaotaka ruhusa kwa aliyebakwa, kwa mwenye mimba ya maharimu, na kwa mwenye mimba inayohatarisha uhai au afya yake. Kanuni ya Adhabu haikubadilishwa kwa kuufuata, na hapo ndipo penye mabishano. Walakini marufuku peke yake hayakuzuia: uchunguzi wa mwaka 2013 ulikadiria mimba 405,000 zilizoharibiwa kwa kusudi nchini katika mwaka huo, na wanawake wapatao 66,600 wakatibiwa madhara yake.

FASILI YA NNE: DHIMA YA MWANAMUME

Wanawake wawili wa Hudhayl waligombana, mmoja akampiga mwenziwe kwa jiwe, mimba ikaharibika. Mtume akahukumu fidia iitwayo ghurra kwa ajili ya kiumbe kile, na mafakihi wameikadiria thamani yake kuwa ngamia 5. Ikajulikana kwamba kilicho tumboni kina haki, na aliyekidhulumu hudaiwa.

Na wamesimulia mafakihi kwamba Sayyidna Umar alimwita mwanamke mmoja aliyesemwa vibaya. Akashikwa na hofu, uchungu ukamjia njiani, akazaa mtoto aliyelia kisha akafa. Masahaba wengine walimwambia Umar kwamba hana juu yake kitu, kwa kuwa yeye ni mtia adabu. Sayyidna Ali akasema kwamba diya ni juu yake, kwani ni yeye aliyemtisha. Umar akakubali.

Basi na atazame mwanamume. Ikiwa Amiri wa Waumini alidaiwa kwa hofu aliyoitia bila kukusudia, atakuwaje akusudiaye? Atakuwaje baba aapaye mbele ya binti yake kwamba akipata mimba atamtoa roho? Atakuwaje aliyempa mimba mwanafunzi, akamshurutisha kuitoa ili akiepuke kifungo cha miaka 30 kilichowekwa na sheria ya 2016? Mtu huyo ameongeza dhambi juu ya dhambi. Na wasichana walifukuzwa shule kwa mimba hata Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba waweza kurudi. Baba asiyempeleka tena binti yake shule baada ya kujifungua huirudisha hofu ile nyumbani mwake.

HITIMISHO: YAPASAYO

Kwanza, mwanamke atokwaye na damu apelekwe hospitali bila kukawia na bila kuulizwa amefanya nini. Katika mkoa wa Singida ziko hospitali za Singida mjini, Makiungu, Kiomboi, Iambi na Itigi. Lakini vijiji viko mbali, na saa moja ya kuona haya hukata maisha. Kumtibu si kosa kwa sheria ya Mungu wala kwa sheria ya serikali.

Pili, aliyempa mtu mimba asikane. Atoe gharama ya uzazi na ya malezi, atubu, wala asimfanye mtoto kuwa kafara ya heshima yake.

Tatu, wazee wawafundishe vijana wa kiume kabla hawajapanda lori, kama wanavyowafundisha mabinti.

Mwenyezi Mungu awaongoze Waislamu katika yaliyo sawa. Naye ndiye Mjuzi zaidi.