Pointi za Kadi ya Mkopo na Nauli ya Kwenda Nyumbani

Kijitabu hiki ni cha watu wetu wanaoishi Marekani, wenye kadi ya mkopo mfukoni na ndugu Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar, Bujumbura au Kampala. Wengi wana maelfu ya pointi zilizolala kwenye kadi na hawajui zina thamani gani. Wengine wamezimalizia kwenye blenda na vocha za duka, kumbe zilikuwa zinatosha sehemu kubwa ya nauli ya kwenda kumwona mzazi. Jambo hilo linatuuma, ndiyo maana tumeandika.

Kwanza, riba

Pointi humfaidi anayelipa salio lote kila mwezi, na si mwingine. Riba ya kadi nyingi Marekani imevuka asilimia 20 kwa mwaka, wakati kadi ya kawaida inakurudishia senti moja au mbili tu kwa kila dola unayotumia. Ukibeba deni la dola 3,000 mwaka mzima kwa riba ya asilimia 22, utalipa riba ya takriban dola 660. Kuzifidia kwa pointi za senti moja kwa dola, itabidi ununue vitu vya dola 66,000. Kwa hiyo, mwenye deni alilipe kwanza, habari za pointi zitamsubiri.

Sheria ya mwaka 2009 inaitaka benki ikutumie taarifa ya mwezi angalau siku 21 kabla ya tarehe ya mwisho ya kulipa, na ioneshe humo itakuchukua muda gani kumaliza deni ukilipa kiwango cha chini peke yake. Isome sehemu hiyo, hata mara moja tu. Kisha ingia kwenye akaunti yako uagize salio lote lilipwe lenyewe kila mwezi. Angalia vizuri unachochagua, maana kiwango cha chini nacho kimo kwenye orodha hiyohiyo.

Usitume pesa nyumbani kwa kadi ya mkopo

Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu linawapata wengi. Mtu anatuma dola 500 kila mwezi kwa ada ya shule na dawa za bibi, anajiambia: heri nizipitishe kwenye kadi nipate pointi. Mara nyingi benki huhesabu malipo hayo kuwa ni kuchukua fedha taslimu. Hapo hupati pointi hata moja. Unatozwa ada, kwa kadi nyingi asilimia 5, yaani dola 25 kwa hizo 500, na riba inaanza kuhesabiwa siku hiyohiyo bila muda wa neema. Tuma kwa akaunti ya benki au kwa kadi inayokata moja kwa moja kwenye akaunti yako.

Pima kabla ya kutumia

Pointi haina bei moja. Ukiwa na pointi za Chase ukazibadilisha kuwa fedha, kila moja ni senti 1. Pointi za American Express, ukizitumia kupunguza bili ya kadi, kila moja hushuka hadi senti 0.6. Lakini pointi hizo ukizihamishia kwenye programu ya shirika la ndege zinaweza kukupa zaidi, na njia ya kujua ni hesabu fupi: chukua bei ya tiketi kwa fedha, toa kodi na ada utakazolipa hata ukitumia pointi, kisha gawanya kwa idadi ya pointi.

Tuseme tiketi ya kwenda na kurudi Dar es Salaam inauzwa dola 1,400. Kwa pointi wanataka 70,000 pamoja na kodi ya dola 110. Dola 1,290 ukizigawa kwa 70,000 unapata senti 1.84 kwa pointi. Hapo umefanya vizuri. Pointi hizohizo kwa senti 0.6 zingekupunguzia bili kwa dola 420 tu. Thamani ya pointi ikishuka chini ya senti 1, na kadi yako inakupa senti 1 kwa fedha, chukua fedha ununue tiketi.

Pima kwa bei ambayo kweli ungeilipa. Kiti cha daraja la biashara cha dola 5,000 hakijakuokolea dola 5,000 kama usingekinunua kamwe.

Kutafuta kiti

Ethiopian Airlines imo katika umoja wa mashirika ya ndege wa Star Alliance tangu 2011, na kupitia Addis Ababa inafika Dar es Salaam, Kilimanjaro, Zanzibar, Nairobi, Entebbe, Kigali na Bujumbura. Kwa sababu ya umoja huo, viti vyake hupatikana kwa pointi za Aeroplan, programu ya Air Canada, ambayo hupokea pointi kutoka Chase, American Express na Capital One. Kenya Airways, mwanachama kamili wa umoja mwingine, SkyTeam, tangu 2010, inaruka moja kwa moja kati ya New York na Nairobi tangu Oktoba 2018. Kwa viti vyake jaribu Flying Blue, programu ya Air France na KLM.

Tafuta kiti kwanza, ndipo uhamishe. Pointi zikishatoka benki kwenda shirika la ndege hazirudi. Tumeona watu wakihamisha kwa pupa, kisha wanakuta Desemba yote hakuna kiti. Mashirika mengi hufungua viti karibu miezi 11 kabla ya safari, na familia ya watu watano mara chache hupata viti vyote vya pointi kwenye ndege moja. Kama likizo ya shule ndiyo nafasi yenu pekee, anzeni kutafuta mapema, na muwe tayari kulipa fedha kwa baadhi ya tiketi.

Bonasi ya kadi mpya

Hapa ndipo pointi nyingi hutoka. Benki huahidi makumi ya maelfu ya pointi ukitumia kiasi fulani, mara nyingi ndani ya miezi mitatu. Omba kadi hiyo pale tu gharama zinapokuja zenyewe: bima ya gari, matairi, tiketi. Angalia ada ya mwaka. Na kabla ya kufunga kadi, hakikisha pointi zake umezitumia au umezihamisha, maana zinaweza kupotea pamoja na akaunti.

Ukishafika nyumbani

Kadi nyingi hutoza karibu asilimia 3 kwa kila malipo ya nje ya Marekani, beba isiyotoza. Mashine ya hotelini au dukani ikikuuliza ulipe kwa dola au kwa shilingi, chagua shilingi. Ukichagua dola, anayebadilisha ni mwenye mashine, kwa kiwango chake, na mara nyingi tofauti hiyo inazidi pointi zote utakazopata kwenye malipo hayo.