MTOTO WAKO ANASOMA AU AMEKARIRI?

Ndugu msomaji, wewe uliyehitimu kisomo unajua kwamba kusoma kuna hatua. Katika jaribio la kisomo la taifa la mwaka 1975, watu wazima hawakugawanywa mafungu mawili tu, wanaojua na wasiojua. Walipangwa hatua nne. Kuhudhuria masomo peke yake kulimpa mtu hatua ya kwanza, basi. Wa hatua ya pili alitambua maneno, wa tatu alisoma sentensi fupi, na wa nne aliweza kusoma gazeti.

Watoto wetu nao wana hatua zao. Lakini tukiulizwa mtoto amefika wapi, tunajibu, "Yuko darasa la tatu." Hilo ni darasa lake tu. Kwenye dawati moja, iwe Kivinje au Mchinga, mmoja anasoma hadithi na kucheka panapochekesha, na mwenzake bado anababaika na silabi.

Mtoto huanza na herufi, akaja silabi, akaja neno, halafu sentensi na hadithi nzima. Kiswahili kina bahati: ukishazishika silabi, unaweza kutamka karibu neno lolote. Ba, be, bi, bo, bu huwa hazina taabu. Wengi hukwama kwenye mwa, mbwa, nywe na ng'o. Utamsikia anasoma "mwani" akitamka "mani", na hakuna aliyemsahihisha.

Kuna mtego mwingine, nao huku pwani tunaufahamu. Chuoni mtoto anahifadhi sura, na kuhifadhi ni sifa yake. Hatari ni pale anapofanya hivyo hivyo na kitabu cha shule. Mwalimu anasoma, darasa zima linaitikia, na baada ya wiki mtoto ana ukurasa wote kichwani. Nyumbani anausoma mbio, mzazi anafurahi. Hebu funika picha kwa kiganja. Mwambie aanzie katikati. Gusa neno moja, uliza, "Hili ni nini?" Akilazimika kurudi mwanzo wa ukurasa ili alifikie, ujue amekariri.

Sasa mpe habari hii ambayo hajawahi kuiona:

Bakari alikwenda pwani na bibi yake. Maji yalikuwa yamekupwa. Bibi alifunga mwani kwenye kamba. Bakari aliona pweza kwenye mwamba. Akapiga kelele kwa furaha. Pweza akaingia shimoni. Bibi akasema, "Basi, leo tutakula kisamvu."

Maswali:
1. Bakari alikwenda na nani?
2. Aliona nini kwenye mwamba?
3. Kwa nini pweza aliingia shimoni?
4. Kwa nini bibi alisema watakula kisamvu?

Akishindwa maneno, rudi kwenye silabi zilizomkwamisha. Akisoma vizuri lakini akashindwa maswali yote, basi sauti inasoma, akili haijafika. Akijibu la kwanza na la pili tu, anaokota yaliyoandikwa waziwazi. La nne jibu lake halikuandikwa popote. Anayelipata ameunganisha mambo mwenyewe, na huyo ndiye msomaji.

Mwendo nao utazame. Mwaka 2013 watoto wa darasa la pili walipimwa katika shule nyingi nchini. Kwa wastani walisoma maneno 18 hivi kwa dakika, na katika kila watoto 100 ni kama 8 tu waliosoma na kuelewa vizuri. Mtu anayetumia sekunde tatu kwa neno moja, akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshampotea. Mwaka 2015 ulianza mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili, uzito ukawekwa kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu.

Kwa mtoto anayezungumza Kimatumbi au Kimwera nyumbani, usikimbilie kusema ni mzito. Pengine ametamka neno sawasawa ila halijui maana yake. Mweleze kwa lugha ya nyumbani, kisha arudie kusoma.

Na tafadhali, usimpige. Mimi sijaona kofi linafundisha silabi gani. Mtoto aliyepigwa kwa kukosea anajifunza kukariri zaidi ili asikosee mbele yako.

Nenda shuleni ukamwone mwalimu. Ukimwambia, "Huyu mtoto hajui kitu," humpi pa kuanzia, maana ana watoto wengi. Mwambie, "Mwalimu, anakwama kwenye mwa na nywe," au, "Anasoma lakini haelewi." Hapo mtaongea.

Usiseme huna vitabu. Kanga ya mama ina maandishi. Mashua zina majina ubavuni. Mfuko wa unga, tangazo la zahanati, gazeti hili hili, vyote vinasomeka. Silabi iliyomshinda aiandike mchangani kwa kidole mara tano, kisha mtafute pamoja maneno matatu yenye silabi hiyo. Wewe mwenyewe ukisahau herufi, mwulize yeye, atafurahi kukufundisha.

Dakika kumi kila jioni kabla ya giza zinatosha. Baada ya hapo mwache akacheze.