Somo la Ufundi: Waya Hutengenezwaje, na Kwa Nini Hukatika?

Nguzo na paa la nyumba yako vimefungwa kwa waya. Waya ukikatika wakati wa upepo mkali, paa huondoka. Tujifunze unavyotengenezwa, ili tujue kuutumia.

KIWANDANI

1. Chuma cha moto hubanwa kati ya magurudumu mpaka kiwe fimbo ndefu. Mara nyingi unene wake ni milimita 5.5. Kikipoa, husafishwa magamba na kutu.

2. Ncha ya fimbo hupunguzwa na kupitishwa katika tundu la madini magumu sana. Tundu hilo ni pana pa kuingilia, jembamba pa kutokea. Mashine huishika ncha na kuivuta. Unga wa sabuni hupunguza msuguano.

3. Chuma hakichongwi, bali hurefushwa. Unene ukipungua nusu, urefu huwa mara 4: mita 1 ya milimita 5.5 hutoa mita 4 za milimita 2.75. Kazi hii hupitia matundu kadhaa, kwani ukipunguza mno kwa mara moja waya hukatika.

4. Waya huvutwa ukiwa baridi, na kila tundu huuongezea ugumu. Waya wa kufungia hupashwa moto katika tanuri, ukalainika. Waya mwingine huchovywa katika zinki iliyoyeyuka ili usishike kutu.

NYUMBANI

Kukunja waya mahali pale pale mara kwa mara huufanya mgumu kama kuuvuta. Mwisho hukatika. Kwa hiyo:

- Fungia waya laini, zungusha mara mbili, kaza kwa koleo. Ukishakaza, acha, ukizidisha utakatika shingoni.
- Waya mweusi uliotumika na kuwa mgumu, uweke katika makaa ya jiko mpaka uwe mwekundu, kisha uache upoe polepole. Utalainika tena. Fanya hivyo nje, mbali na maturubai na watoto.
- USICHOME waya wenye zinki (unaong'aa kijivu). Moshi wake huleta homa na kubana kifua.
- Unapokata waya, geuza uso. Ncha huruka na kuumiza jicho.

MASWALI

1. Kwa nini waya hupitishwa katika matundu mengi?
2. Kagua vifungo vya nyumba yako. Vipi vinahitaji kubadilishwa kabla ya mvua?