DAFTARI LA MWANAFUNZI NI KIOO CHA MWALIMU

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Somo letu linahusu jambo tunalolifanya kila wiki: kusahihisha madaftari. Wengi tunadhani kusahihisha ni kuweka vema na kosa, kisha kuandika alama. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mwalimu kujiuliza: makosa haya yananiambia nini juu ya ufundishaji wangu?

MFANO WA IMLA

Niliwahi kuwasomesha imla watoto wa darasa la chini hapa Mpanda. Nilitamka neno qalb, maana yake moyo. Wengi waliandika kwa kaf badala ya qaf, neno likawa kalb, yaani mbwa! Niliwawekea kosa kwa wino mwekundu, nikawagombeza, nikaendelea na somo jipya. Wiki iliyofuata makosa yakawa yale yale. Mtoto mmoja akaacha kuja. Nilipomuuliza mama yake alinijibu, "Ustadh, anasema yeye ni mjinga, Kiarabu hakimwingii."

Maneno yale yalinichoma. Nilikusanya madaftari yote, nikayapanga juu ya mkeka, nikayasoma upya bila kalamu mkononi. Karibu darasa zima lilichanganya qaf na kaf, sad na sin. Watoto wetu nyumbani wanazungumza Kiswahili, Kibende, Kipimbwe, Kifipa au Kisukuma, na sauti hizo hazitenganishwi katika lugha hizo kama katika Kiarabu. Mimi niliwafundisha umbo la herufi, sikuwafundisha kusikia makhraj, yaani mahali sauti inapotokea. Kosa lilikuwa langu kabla halijawa lao.

Basi nilirudi nyuma. Tukawa tunasikiliza maneno mawili mawili, mtoto ananyoosha mkono akisikia qaf. Yule aliyeacha nilimfuata kwao, nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyeharakisha. Alirudi, alhamdulillah.

MAFUNZO KUTOKA KWA MTUME (S.A.W.)

Katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu mmoja aliswali kwa haraka msikitini. Mtume (s.a.w.) alimrudisha akaswali tena, mpaka mara tatu. Mtu yule alipokiri kwamba hajui zaidi ya hapo, Mtume (s.a.w.) alimfundisha hatua kwa hatua: takbira, kisomo, rukuu kwa utulivu, kuinuka, kisha sijda. Kazi yake ilitazamwa, akapewa nafasi ya kurudia, kisha akafundishwa pale alipokwama. Hakutukanwa.

Vile vile Jibril (a.s.) alikuwa akipitia Qur'ani pamoja na Mtume (s.a.w.) kila Ramadhani, na katika mwaka wa kufariki kwake waliipitia mara mbili. Ikiwa Mtume (s.a.w.) alikuwa na muraja'a, sisi tutaachaje?

HATUA ZA KUFUATA

1. Soma madaftari yote kwanza kabla ya kuweka alama.

2. Panga makosa kwa aina, si kwa majina ya watoto. Kuna makosa ya sauti, ya irabu, na ya kuunganisha. Kwa mfano, alif, dal, dhal, ra, zay na waw haziungi na herufi inayofuata, lakini watoto huziunganisha.

3. Hesabu. Kosa la wengi, rudia somo kwa njia nyingine. Kosa la wachache, wakusanye pembeni. Kosa la mmoja, mwite umuulize kwa upole. Huenda haoni ubao vizuri, au alikuwa shambani na wazazi wakati wa mvua, somo likampita.

4. Andika neno la kumwongoza. Badala ya "mbaya", andika "sikiliza tena qaf".

5. Mpe nafasi ya kusahihisha, kisha litazame daftari tena.

Hata shule za serikali zina njia hii. Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, zikieleza ni kwa nini waliokosa walikosa, ili walimu warekebishe ufundishaji wao. Madrasa haihitaji gharama kufanya hivyo. Daftari moja la kuandikia makosa ya kila wiki linatosha.

KWENU WANAFUNZI NA WAZAZI

Mwanafunzi, usifute kosa wala kuchana ukurasa. Kosa lililofichwa halifundishiki. Mzazi, mtoto akirudi na daftari, usiulize tu amepata ngapi. Muulize, "Umekosa wapi, na mwalimu amekuonyesha nini?" Na akiwa hakuonyeshwa, njoo utuambie. Hatutakasirika.

ZOEZI

1. Eleza tofauti ya qalb na kalb, kisha yatamke maneno hayo mbele ya mwenzako.

2. Taja herufi sita zisizoungana na herufi inayofuata.

3. Fungua daftari lako la mwezi huu. Ni kosa gani limejirudia zaidi? Mpelekee mwalimu wako.

Allah (s.w.) atupe elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.