Keki ya Mpira: Kuoka kwa Makaa na Kujua Bei Yake

Katika somo hili tunataka kueleza vile kikundi kinaweza kuoka keki ya tabaka mbili yenye sura ya mpira wa miguu, bila oveni wala stima. Oda za namna hii huja wakati wa mashindano ya vijana wa parokia, au mtoto akisherehekea siku ya kuzaliwa. Lakini oda yetu ya kwanza ilitutia hasara, kwa hivyo tutaanza na hiyo.

Kocha mmoja alitujia siku tatu kabla ya fainali akauliza bei. Tukatazamana, mmoja wetu akasema mia nane. Kocha akakubali papo hapo, na hiyo peke yake ingetushtua. Baada ya mechi mweka hazina alifungua daftari: vitu vya dukani shilingi 640, makaa 100, pikipiki ya kufikisha keki uwanjani 150. Jumla 890. Yaani tulimlipa mteja shilingi 90 ili ale keki yetu, na hapo hatujahesabu asubuhi nzima ya akina mama watatu. Pesa zilitoka kwa mchango wa kila wiki, na mkutanoni maneno yalikuwa mengi. Luka sura ya 14 inataja mtu wa kujenga mnara anayeketi kwanza kuhesabu gharama. Sisi tulijenga kwanza.

Siku hizi hatutaji bei kabla ya kuandika. Tunaandika vitu vya duka, makaa na usafiri, tunaongeza kazi ya mikono kama vile tungelipwa kibarua, halafu kitu kidogo cha kubaki kwa sanduku. Mteja hulipa nusu mbele. Akikataa, wacha aende.

Vitu vinavyohitajika

Kwa keki: majarini robo kilo, sukari robo kilo, mayai 5, unga wa ngano robo kilo, na beking pauda vijiko 2 vya chai. Kwa kupamba: majarini robo kilo nyingine, sukari laini ya aising nusu kilo, kakao vijiko 3 vya kula, na jemu kidogo.

Kuoka

Tafuta sufuria kubwa yenye kifuniko cha bati. Tandaza ndani mchanga mkavu, kina cha vidole viwili, uweke jikoni upate moto. Sufuria ndogo ya keki, yenye upana wa sentimita 20, ipake majarini, tandika karatasi chini, kisha iketishe juu ya mchanga. Funika, uweke makaa juu ya kifuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Wengi huunguza keki kwa kuogopa kupunguza moto wa chini.

Piga majarini na sukari kwa mwiko mpaka viwe vyeupe na vyepesi. Hapa usichoke, ndipo keki inapopata hewa. Ongeza mayai moja moja. Unga uchekeche pamoja na beking pauda.

Ukiwa na jiko moja tu, gawa mchanganyiko wa mayai mara mbili. Tia nusu ya unga katika sehemu ya kwanza uoke. Sehemu ya pili usiitie unga mpaka ile ya kwanza ikaribie kuiva, kwa sababu beking pauda ikishalowa huanza kazi, na ukiichelewesha keki haitafura vizuri. Kila tabaka huchukua kama dakika 40. Usifunue kabla ya dakika 25. Choma kwa kijiti katikati; kikitoka kikavu, imeiva.

Kupamba

Ngoja keki ipoe kabisa. Ikiwa na joto hata kidogo, mapambo yatateleza. Jua likiwa kali, pamba jioni au alfajiri. Piga majarini na aising mpaka ilainike. Tenga theluthi moja uchanganye na kakao. Hiyo ndiyo "nyeusi" yetu. Ile nyingine itakuwa rangi ya krimu. Wengine huongeza mafuta meupe ya kupikia ili ing'ae, lakini sisi hatupendi ladha yake. Paka jemu kati ya tabaka mbili, kisha paka krimu juu na pembeni.

Mpira wa mabaka meusi na meupe ulijulikana sana kwenye Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970. Una vipande 32: 12 vyeusi vya pembe tano, na 20 vyeupe vya pembe sita. Vyeusi havigusani hata kimoja. Mara ya kwanza sisi tulipaka mabaka ovyo, na vijana wakatuuliza kama huyo ni ng'ombe wa maziwa.

Kupata pembe tano zilizo sawa, kata ukanda wa karatasi wenye upana wa sentimita 4. Ufunge fundo moja la kawaida, uvute polepole huku ukilibapa, kisha kata masikio yanayobaki. Weka karatasi hiyo katikati ya keki, uchore kuizunguka kwa kijiti. Toka kila pembe, chora mstari wa sentimita 4 kuelekea ukingoni. Mwisho wa kila mstari anza baka jingine linalopanuka mpaka ukingo wa keki. Jaza kakao baka la katikati na yale matano ya pembeni. Mistari ipite kwa karatasi ngumu iliyokunjwa kama ile ya kufungia njugu, ncha ikiwa imekatwa kidogo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, na karatasi hufanya kazi hii vizuri.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Andikeni gharama ya keki hii kwa bei za soko lenu. Mngeiuza shilingi ngapi?
2. Asubuhi ya mama mmoja mtaiwekea bei gani?
3. Mteja akija bila mkutano kuitwa, nani ana ruhusa ya kumtajia bei?