Kizingiti cha Malaria: Kwa Nini Wagonjwa Hupungua, Kisha Huongezeka Ghafla

Katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Wiki chache baada ya mvua, mbu aina ya anofelesi huongezeka na zahanati hupokea wagonjwa wengi zaidi wa malaria. Hata hivyo, mvua si sababu pekee ya kupanda na kushuka huko.

Mwaka 1911 daktari Ronald Ross alionyesha kwa hesabu kwamba si lazima kuua mbu wote ili malaria itoweke. Yatosha kuwapunguza hadi chini ya kizingiti fulani. Swali ni hili: mgonjwa mmoja, kupitia mbu, huambukiza watu wangapi? Ikiwa kuna wagonjwa 100, na kila mmoja huambukiza kwa wastani watu 0.9, baada ya mizunguko 10 wagonjwa watakuwa wapatao 35. Wastani ukiwa 1.1, watafikia 259. Moja, basi, ni njia panda: chini yake ugonjwa hufifia, juu yake huenea.

Mawimbi huzaliwa na kuchelewa. Maambukizi yakipungua, kinga ya mwili hufifia polepole, na watu wanaoweza kuugua sana huongezeka kimyakimya. Vyandarua vikichakaa wakati huo, kizingiti huvukwa na ugonjwa hurudi kwa kishindo. Zanzibar ilipitia hali hiyo: mradi ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1950 ulishusha maambukizi hadi chini ya asilimia 5, lakini uliposimamishwa mwaka 1968, malaria ilirejea.

Korogwe nayo ilishuhudia maambukizi kwa watoto yakipungua sana katika muongo wa kwanza wa karne hii. Mafanikio ya namna hiyo yanahitaji kulindwa. Mhudumu wa afya apime kila mwenye homa, hata katika miezi ya kiangazi, na aripoti ongezeko dogo mapema. Mgonjwa amalize dozi yote ya dawa mseto, hata akijisikia nafuu siku ya pili. Kila kaya ilale ndani ya chandarua chenye dawa mwaka mzima, kwa kuwa chandarua kinachokunjwa wakati wa kiangazi huliandalia wimbi la masika njia.