Kivuli cha mti ni kinga ya upweke

Wiki hii tutazame maradhi yasiyopimwa kwa darubini: upweke.

Mjane mmoja aliyeacha shamba na kuja kuishi katika chumba cha kupanga alifika kwangu mara kadhaa akilalamikia kichwa, kukosa usingizi na moyo kwenda mbio. Vipimo vyote vilikuwa sawa. Nilipomuuliza amezungumza na nani siku hiyo, alifikiri, kisha akajibu: "Ni wewe tu, daktari."

Usidharau jambo hili. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inasema mtu mmoja kati ya sita ulimwenguni anasumbuliwa na upweke, nao unahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka. Huongeza hatari ya kiharusi, maradhi ya moyo na kisukari.

Kinga yake mojawapo ni mahali pa kukutana. Urafiki wa majirani huanza kwa kuonana mara kwa mara: leo salamu, kesho mazungumzo, keshokutwa kujuliana hali. Penye kivuli na kiti, mpita njia husimama. Penye jua kali na vumbi, kila mtu hukimbilia kwake na kufunga mlango.

Wazee wa Kimeru walilijua hili, wakakutana chini ya miti kuamua kesi na kupatanisha watu. Makao makuu ya baraza lao, Njuri Ncheke, yako hapa Nchiru. Lakini Nchiru inageuka mji. Tangu Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kipate hati kamili mwaka 2013, wanafunzi, wafanyabiashara na wakulima wanaishi bega kwa bega. Ploti zikigawanywa zote bila kuacha uwanja, watabaki wageni wao kwa wao.

Ardhi ya umma ikishajengwa hairudi. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipinga jumba la ghorofa 60 katika Uhuru Park, Nairobi. Mpango huo ulikwama, na bustani ikabaki.

Tufanye nini basi?

1. Tuwaombe wawakilishi wa wadi watenge uwanja wa umma kabla ploti hazijaisha.

2. Tupande miti ya kivuli, kama muuru, na kuweka viti vinavyotazamana.

3. Pawe na choo, taa na njia ambayo mzee mwenye bakora ataimudu. Mama akiogopa kupita hapo jioni, uwanja huo si wake.

4. Maji yasituame, yasije yakazalisha mbu.

5. Tutembee hapo na jirani. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, hutimiza dakika 150 za mazoezi anazohitaji mtu mzima.

Yule mjane sikumwandikia dawa ya usingizi. Nilimwomba aketi nje kila jioni, penye watu. Nawe, msomaji, ukimwona jirani kama huyo, msogezee kiti.